Walitoka Kwenda Kumlaki
Somo: Matendo ya Mitume 28:11–16, 2 Timotheo 1:16–18



Kiangazi hiki familia yetu ilikodi gari la RV, yale magari makubwa yenye vitanda na jiko ndani. Watoto walitaka kuona Badlands, kule South Dakota. Tulitoka Des Moines na unga wa ugali, sombe na ndagala, tukapanga kulala usiku wa kwanza Sioux Falls. Katika mji huo anaishi rafiki yetu wa tangu kambi ya Nyarugusu, Kigoma. Tulikuwa hatujaonana naye kwa miaka 11.

Tuseme ukweli kabla ya kuingia kwenye somo. Hatukusafiri ili kumwona yeye. Tulikuwa tunapita tu. Na kutoka kwetu hadi kwake ni mwendo wa saa nne na nusu hivi kwa gari. Huyu ndiye aliyembeba mtoto wetu wa kwanza mgongoni wiki nzima, mama yake alipolazwa kwa malaria kambini, akapanga foleni ya maji kwa ndoo zake na zetu.

Kila mwezi tulipigiana simu. "Hujambo dada, habari za huko?" "Tuko salama, Mungu ni mwema." Tukakata simu tukiwa na amani.

Jioni ile alikuja pale tulipoegesha gari, akitoka zamu yake kwenye kiwanda cha nyama. Tulikumbatiana, tukalia, tukacheka. Lakini alipopanda vile vingazi vya gari, mmoja wetu, ambaye ni muuguzi, aliona jinsi anavyokanyaga kwa mguu wa kushoto. Mezani alikunywa maji glasi baada ya glasi, akaenda chooni mara tatu. Tulimwomba avue soksi. Chini ya kidole gumba kulikuwa na kidonda, na kingo zake zilikuwa nyeusi.

"Hakiniumi," alisema. Hilo ndilo lililotuogopesha. Sukari ikikaa juu mwilini kwa muda mrefu huharibu mishipa ya fahamu ya miguu, na mtu anaweza kukanyagia kidonda asisikie maumivu. Alikuwa na kisukari, na dawa alikuwa ameziacha kwa miezi minane kwa ajili ya gharama.

Tulimuuliza, "Dada, mbona hukutuambia?" Alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Mume wangu alipofariki mlituma pesa. Nilizihitaji, na nawashukuru. Lakini mimi nilikuwa natazama mlango."

Hatukuwa na jibu.

Ndugu wa Rumi

Usiku ule tulifungua Matendo 28. Paulo anakaribia Rumi akiwa mfungwa. Amevunjikiwa na meli, amekaa Malta miezi mitatu. Ndugu wa Rumi walikuwa wameshapata waraka wake mrefu, wenye sura 16, ambamo aliwaambia kwamba kwa miaka mingi ametamani kuwaona. Wangeweza kumngoja mjini, kwa maana njia ilikuwa inamleta huko huko. Hawakungoja. Wengine walikwenda mpaka Mikahawa Mitatu, karibu kilomita 50. Wengine walifika Soko la Apio, karibu kilomita 65. Luka anatueleza kwamba Paulo alipowaona tu, alimshukuru Mungu na moyo wake ukapata nguvu.

Tuangalie walichobeba. Luka hataji zawadi wala fedha. Anataja kwamba walikuja, naye akawaona.

Baadaye Paulo anamkumbuka Onesiforo, aliyefika Rumi akamtafuta kwa bidii mpaka akampata, wala hakuonea haya minyororo yake. Mtu mwenye minyororo hawezi kuja kwetu. Tena mara nyingi huificha, kama rafiki yetu alivyoficha mguu wake ndani ya soksi. Simu haikuuona. Sisi tuliuliza habari, tukapokea jibu rahisi kwa sababu lilitufaa.

Hatusemi pesa za rambirambi hazina maana. Kwa wengi wetu hapa Marekani zamu hazitoi ruhusa, na mafuta ni ghali. Lakini gari la kwenda Badlands tulilipata.

Kilichofuata

Asubuhi tulimpeleka kuonwa na daktari. Watoto walishinda ndani ya RV kwenye maegesho ya hospitali, wakicheza karata. Kidole gumba kilikatwa. Mguu ulipona. Badlands hatukuiona mwaka huu. Tumekwisha kurudi Sioux Falls mara mbili, na safari zote mbili tulikwenda kwa ajili yake.

Kwa wenye kisukari: tazama nyayo zako kila siku, na usipoweza kuinama, mwombe mtoto akutazamie. Kidonda kisichouma usikidharau. Usiache dawa kwa ajili ya bei kabla hujauliza; viko vituo vya afya vya jamii vinavyotoza kulingana na kipato. Tuulizeni baada ya ibada, tutawaelekeza.

Maswali ya kuzungumza nyumbani

1. Ni nani aliyetubeba zamani, ambaye leo tunamjua kwa simu tu? Watoto wetu wanamfahamu?
2. Kuna msiba ambao tulituma pesa na hatujafika bado? Tunaweza kufika lini?
3. Je, sisi wenyewe kuna kidonda tunachokificha kwa maneno "tuko salama"?

Tuombe

Bwana, utusamehe pale tulipopita tu. Utupe miguu ya kwenda kuwalaki wenzetu, na macho ya kuona wanachoficha. Nasi tukijiwa, utupe unyenyekevu wa kuvua soksi. Amina.