Mama Viza, Mtoto Pasipoti: Somo kwa Familia Inayohamia Uingereza kutoka Singida

Mtoto anapozaliwa Kiomboi, Manyoni au Ikungi, mama yake akiwa Mtanzania na baba yake raia wa Uingereza, na wazazi wakaazimia kwenda kuishi kwa baba, swali la kwanza linaloulizwa nyumbani huwa ni hili: viza mbili zitatugharimu kiasi gani? Swali hilo lina kosa ndani yake, na kosa hilo ndilo mtaji wa matapeli. Mara nyingi familia ya namna hii huhitaji viza moja tu, ya mama. Mtoto huenda akawa raia wa Uingereza tangu siku aliyozaliwa, na raia hapewi viza ya kuingia nchini mwake. Huyo huombewa pasipoti.

Somo hili tumeliandaa ili familia ijue nani anahitaji nini, kwa mpangilio upi, na fedha zake zilipwe wapi. Tumetumia mfano wa mama Mtanzania na baba Mwingereza. Ikiwa mama ndiye Mwingereza, hatua ni zilezile. Ada za viza tulizozitaja ni zile zilizoanza kutumika Aprili 2025. Ada hizo hubadilika mara kwa mara, hivyo msomaji azihakiki katika tovuti ya Serikali ya Uingereza, GOV.UK, kabla ya kulipa chochote.

1. Tambua kwanza uraia wa mtoto

Uraia wa Uingereza huongozwa na Sheria ya Uraia ya mwaka 1981, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 1983. Kwa mtoto aliyezaliwa nje ya nchi hiyo, jambo la kuuliza ni moja: mzazi wake Mwingereza aliupataje uraia?

Ikiwa mzazi ni raia kwa kuzaliwa Uingereza, au alipewa uraia huo kwa tajnisi kabla mtoto hajazaliwa, mtoto wake anayezaliwa Singida ni raia wa Uingereza moja kwa moja. Haombewi uraia; huombewa pasipoti ya kuuthibitisha.

Ikiwa mzazi naye alizaliwa nje, akaurithi uraia kwa baba au mama yake, uraia huo kwa kawaida haushuki wenyewe hadi kizazi kinachofuata. Hapo huenda mtoto akaandikishwa kuwa raia kwa maombi maalumu, hasa kama mzazi huyo aliwahi kuishi Uingereza miaka 3 mfululizo kabla mtoto hajazaliwa. Asipotimiza masharti ya kuandikishwa, ndipo viza ya mtoto inapohusika.

Wazazi wasiofunga ndoa wasikate tamaa. Mtoto aliyezaliwa kuanzia tarehe 1 Julai 2006 anaweza kurithi uraia wa baba asiye na ndoa na mama yake, mradi uwepo ushahidi kwamba ndiye baba mzazi. Ugumu hutokea pale mama alipokuwa bado katika ndoa na mwanamume mwingine mtoto alipozaliwa, kwa kuwa sheria ya Uingereza humhesabu mume huyo kuwa baba. Familia ya namna hiyo itafute ushauri wa kisheria mapema.

Kwa upande wa Tanzania, mtoto aliyezaliwa nchini na mzazi mmoja Mtanzania ni Mtanzania, na sheria yetu humruhusu kuwa na uraia wa nchi mbili angali mtoto. Akifikisha miaka 18 hutakiwa kuchagua. Kumpatia pasipoti ya Uingereza leo si kumvua Utanzania wake.

2. Cheti cha kuzaliwa ndicho msingi

Hakuna hatua itakayosimama bila cheti cha kuzaliwa chenye majina ya wazazi wote wawili. Mtoto anapozaliwa kituoni, mama hupewa tangazo la kizazi. Hilo si cheti, ingawa ndilo linalozaa cheti. Chini ya mpango wa RITA wa kusajili watoto walio chini ya umri wa miaka 5, cheti hutolewa bila malipo katika vituo vya tiba na ofisi za kata. Anayekutoza fedha kwa cheti cha mtoto mchanga anakuibia.

Kabla ya kuondoka kituoni, soma tangazo herufi kwa herufi. Mama aliyeandikwa kwa jina la nyumbani katika kadi ya kliniki, kwa jina la ubatizo katika cheti cha ndoa, na kwa jina la ukoo wa baba yake katika kitambulisho cha NIDA, mbele ya ofisa wa Uingereza anaonekana kama wanawake watatu. Kosa hurekebishwa kwa msajili aliyeko ofisi ya Mkuu wa Wilaya. Tofauti ya majina hufafanuliwa kwa kiapo, au kwa hati ya kubadili jina inapolazimu. Yote haya ni rahisi ukiwa Singida, na ni mateso ukiwa umekwishafika Dar es Salaam na mtoto mgongoni.

Hati yoyote iliyoandikwa kwa Kiswahili pekee itafsiriwe. Tafsiri ionyeshe tarehe, jina kamili, sahihi na anwani ya mtafsiri, pamoja na tamko lake kwamba ni sahihi.

3. Pasipoti mbili za kuanza nazo

Mama huomba pasipoti ya Tanzania kupitia Idara ya Uhamiaji, yenye ofisi mjini Singida. Malipo yote ya Serikali hufanyika kwa namba ya malipo, nawe hupata risiti. Fedha haziwekwi mkononi mwa mtu.

Pasipoti ya kwanza ya mtoto huombwa mtandaoni kupitia GOV.UK, nayo hutolewa na Ofisi ya Pasipoti iliyoko Uingereza kwenyewe. Maombi ya kwanza huchunguzwa kwa kina na huchukua muda, hivyo yaanze mara tu cheti cha kuzaliwa kinapopatikana. Andaa cheti cha mtoto, cheti cha kuzaliwa au cha uraia cha mzazi Mwingereza, na cheti cha ndoa kama ipo.

4. Viza ya mama

Wengi huamini kwamba mama wa mtoto Mwingereza hupewa viza kwa sababu ya mtoto. Sivyo. Masilahi ya mtoto hutazamwa, lakini mama hupimwa kwa masharti ya mwenza:

(a) Kipato. Tangu tarehe 11 Aprili 2024, mwenza Mwingereza hutakiwa kuonyesha kipato cha angalau pauni 29,000 kwa mwaka. Kabla ya hapo kiwango kilikuwa pauni 18,600. Ajira ya mama hapa Tanzania, au mavuno yake ya alizeti na vitunguu, hayajazi pengo hilo. Kinachoweza kuchukua nafasi ya kipato ni akiba ya pauni 88,500 iliyokaa mikononi mwa wanandoa kwa angalau miezi 6. Mtoto aliye raia haongezi kiwango hicho. Ikiwa baba naye anaishi Tanzania, kwa kawaida ataonyesha kipato chake cha hapa pamoja na ajira inayomsubiri Uingereza ndani ya miezi 3 baada ya kurejea.

(b) Lugha. Mama hufanya mtihani wa kuzungumza na kusikiliza Kiingereza wa ngazi ya A1, katika kituo kinachotambuliwa na Serikali ya Uingereza. Cheti cha kozi ya mtaani hakikubaliki.

(c) Kifua kikuu. Mkazi wa Tanzania anayekwenda kuishi Uingereza hupimwa katika kliniki iliyoidhinishwa, na cheti chake hudumu miezi 6. Cheti cha hospitali nyingine, hata kama ni nzuri kiasi gani, hakihesabiki. Mjamzito aseme mapema, kabla ya kupigwa picha ya eksirei.

(d) Ukweli wa uhusiano. Cheti cha ndoa hakitoshi peke yake. Tunza picha, ujumbe wa simu, risiti za fedha mlizotumiana na kumbukumbu za safari za kutembeleana.

Viza ya kwanza hutolewa kwa miezi 33. Hurefushwa kwa miezi 30, kisha baada ya miaka 5 mama huweza kuomba ukaazi wa kudumu. Akumbuke kwamba Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa raia wa nchi mbili: siku atakapochukua uraia wa Uingereza, ataupoteza wa Tanzania. Ukaazi wa kudumu hauna sharti hilo.

5. Hesabu ya fedha

Ada ya viza ya mwenza anayeomba akiwa nje ya Uingereza ni pauni 1,938. Tozo ya afya kwa mtu mzima ni pauni 1,035 kwa mwaka, na kwa viza ya miezi 33 hulipwa pauni 3,105. Jumla ni pauni 5,043. Tukikadiria pauni moja kwa shilingi 3,400, hizo ni zaidi ya shilingi milioni 17, kabla ya mtihani, kipimo na nauli.

Sasa tazama gharama ya kosa tulilolitaja mwanzoni. Familia inayoshawishika kumwombea mtoto viza asiyoihitaji itaombwa ada ileile ya pauni 1,938, na tozo ya afya ya mtoto, pauni 776 kwa mwaka, ambayo hufikia pauni 2,328. Jumla ni pauni 4,266, au shilingi milioni 14 na nusu kwa kadirio lilelile. Maombi yakikataliwa, tozo ya afya hurudishwa, lakini ada ya viza hairudi.

Ukimtumia mshauri, mwulize maswali matatu: Je, mtoto wangu si raia tayari? Fedha hizi unazilipa wapi, na risiti yake ni ipi? Umesajiliwa na nani? Kwa washauri walioko Uingereza, kutoa ushauri wa uhamiaji bila idhini ni kosa la jinai. Mamlaka inayowasajili wasio mawakili ni Immigration Advice Authority, na orodha yake husomwa bure mtandaoni. Kishoka anayedai ana mtu ndani ya ubalozi, anayeahidi viza kwa hakika, au anayeshikilia pasipoti yako hadi umalizie deni, mkimbie. Kisha toa taarifa polisi.

6. Safari

Alama za vidole na picha za mama huchukuliwa katika kituo cha maombi ya viza, Dar es Salaam. Tangu Julai 2024 treni ya kisasa hufika Dodoma, hivyo mama mwenye mtoto mchanga anaweza kupanda basi kutoka Singida hadi Dodoma, kisha akaendelea kwa treni.

Usikate tiketi ya ndege wala usiuze ng'ombe au nyumba kabla pasipoti ya mtoto na viza ya mama hazijapatikana zote mbili. Anayenyonya na anayenyonyesha hawatenganishwi na karatasi. Siku ya safari chukua cheti halisi cha kuzaliwa cha mtoto na kadi yake ya chanjo, na kama baba hayupo, barua yake ya kuridhia safari. Kwa kuwa mtoto atatoka nchini kwa pasipoti ya kigeni isiyo na muhuri wa kuingilia, ulizeni mapema Ofisi ya Uhamiaji nini kitahitajika uwanjani.

Maswali ya kujipima

Baba alizaliwa London na ni raia kwa kuzaliwa huko; mtoto kazaliwa Mkalama. Je, mtoto aombewe viza? Jibu: La. Aombewe pasipoti ya Uingereza.

Baba alizaliwa Nairobi, akaurithi uraia kwa mama yake. Je, mtoto ni raia moja kwa moja? Jibu: Kwa kawaida siyo. Chunguza kwanza maombi ya kuandikishwa, kabla ya kulipia viza.

Mtoto ana pasipoti ya Uingereza, lakini kipato cha baba ni pauni 20,000 na hawana akiba. Je, mama ana hakika ya viza? Jibu: Hana. Familia itafute ushauri wa mtu aliyesajiliwa kabla ya kulipa ada.

Aliyejibu yote matatu sawasawa anaweza sasa kuketi na mwenza wake na kupanga. Waanze na cheti cha kuzaliwa.