Ocho Si Saa Nane: Kuhesabu Kihispania kwa Anayeanza

Muhula uliopita nilipata sifuri kwenye jaribio la mazungumzo la Kihispania. Si kwamba nilishindwa kujibu, sikuwepo. Mwalimu alikuwa ametuambia jaribio ni "a las ocho". Mimi namba nilikuwa nimezikariri vizuri tu: ocho ni nane. Basi saa nane mchana, wali maharage tumboni, nikaingia darasani nikiwa tayari kabisa. Chumba kitupu! Kumbe wenzangu walishafanya tangu saa mbili asubuhi. Alama 15 zikaenda na maji.

Naandika somo hili ili wewe unayeanza usilipe ada niliyolipa mimi.

Moja hadi kumi: uno, dos, tres, cuatro, cinco, seis, siete, ocho, nueve, diez. Ulimi wetu hausumbuki sana, maana irabu za Kihispania ni tano kama zetu. Cuatro tamka "kuatro", nueve tamka "nuebe". Cinco huko Amerika ya Kusini ni "sinko", lakini sehemu kubwa ya Hispania utasikia "thinko", kwa th ile ya thelathini.

Kuanzia 11 hadi 15 hakuna njia ya mkato, kariri tu: once, doce, trece, catorce, quince. Halafu mambo yanakuwa kama ya kwetu. Dieciséis ni "kumi na sita" iliyobanwa ikawa neno moja. Hivyo hivyo diecisiete, dieciocho, diecinueve. Ishirini ni veinte, na 21 hadi 29 pia huandikwa neno moja: veintiuno, veintidós. Ukifika 31 unatenganisha: treinta y uno. Hiyo y, inayotamkwa "i", ndiyo "na" yetu.

Makumi yanayofuata ni cuarenta, cincuenta, sesenta, setenta, ochenta, noventa. Hapo kwenye sesenta na setenta ndipo wengi tunateleza. Dawa yake: seis haina t, kwa hiyo sesenta ni 60, siete ina t, kwa hiyo setenta ni 70. Ukitajiwa bei, tega sikio kwenye herufi hiyo moja.

Mia kamili ni cien, lakini 101 ni ciento uno. Mia mbili ni doscientos. Usiburuzwe na mazoea kwenye 500, 700 na 900, maana ni quinientos, setecientos na novecientos.

Kuna jambo ambalo sisi tunalo tayari: upatanisho. Tunasema vitabu viwili, watu wawili, ila sita haibadiliki: vitabu sita, watu sita. Kihispania nacho huchagua namba za kubadilisha. Kitabu kimoja ni un libro, meza moja ni una mesa. Dos haibadiliki, lakini mia mbili hubadilika: doscientos libros, doscientas mesas.

Sasa turudi kwenye kilichoniponza. Saa zao zinaanza kuhesabiwa usiku wa manane na adhuhuri, zetu zinafuata kuchomoza na kuzama kwa jua. Tofauti ni sita. Las siete ni saa moja, las ocho ni saa mbili, las doce ni saa sita. Saa saba ni la una, ya umoja. Nyingine zote hutumia las. Nusu ni rahisi: las ocho y media ni saa mbili na nusu. Asubuhi ongeza de la mañana, mchana de la tarde, usiku de la noche.

Zoezi: kila ukitazama simu leo, taja saa kwa Kihispania kabla hujairudisha mfukoni. Mimi nafanya hivyo kila siku, kwa sababu jaribio lijalo ni a las diez de la mañana. Saa nne kasoro robo nitakuwa mlangoni.