Utata wa Kimilikishi -ake

Tuchukue kanuni ya igisoro, mchezo wa mashimo 32 na mbegu 64, kama mwalimu wa Rusizi anavyoweza kuwaandikia wanafunzi ubaoni: «Mchezaji akila mbegu za mpinzani, atazigawa katika mashimo yake.» Mashimo ya nani? Kiambishi y- hupatana na mashimo, si na mwenye mashimo. Na -ake yafaa kwa mchezaji na kwa mpinzani, kwani wote ni wa ngeli ya A-WA. Kinyarwanda nacho hakituokoi, maana kimilikishi chake hufuata mtindo uo huo. Wala tofauti si ndogo: kwa fasiri ya pili, aliyeliwa hurudishiwa mali yake yote! Tunapendelea kurudia nomino, «mashimo ya mlaji», ingawa sikio halifurahii.

Zoezi: Ondoa utata: «Mwalimu alimpa mwanafunzi kitabu chake.»