Dondoo muhimu: Mionzi ya saratani, bei na ubora

Ukitokea Manyovu, Kasulu au Kibondo, mkoani Kigoma, tiba ya mionzi iliyo karibu zaidi nchini Tanzania iko hospitali ya Bugando, Mwanza. Taasisi ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, ni safari ndefu zaidi. Tiba mara nyingi huchukua wiki kadhaa, Jumatatu hadi Ijumaa, kwa hiyo panga kwanza hela ya nauli, gesti na chakula.

Mashine ya kobalti usiidharau kwa unafuu wake. Chanzo chake cha mionzi hupoteza nusu ya nguvu kila baada ya miaka 5 na ushee, ndiyo maana kikizeeka unalala mezani muda mrefu zaidi. Uliza kilibadilishwa lini, na nani hukagua dozi. Tangu 1969 Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki na Shirika la Afya Duniani hutuma hospitalini vipimo vidogo vya dozi kwa posta. Vinapigwa mionzi, vinarudishwa, na tofauti ya dozi ikizidi asilimia 5 hufuatiliwa.

Asubuhi mwanafizikia akipima mashine, subiri, hata kama foleni inakera.

Alama za wino ngozini, zinazoonyesha pa kupiga mionzi, usizisugue. Zikifutika, huenda upangaji wa tiba ukarudiwa, na bili ya gesti ikaongezeka.