Lugha Haisubiri Kifaa

Nikiwa kwenye mazoezi ya kufundisha nyumbani kwetu Majimoto, Katavi, mama mmoja alinifuata. Mwanawe wa miaka tisa, niliyekuwa namfundisha, alizaliwa kiziwi. Akaniuliza, "Mwalimu, hicho kifaa wanachoweka Muhimbili si kitamfanya asikie?" Sikuwa na jibu. Nimesoma tangu hapo, na naomba tulijadili, hasa sisi wa Elimu.

Muhimbili ilianza upasuaji huo mwaka 2017. Awali serikali ilipeleka watoto India. Sehemu ya nje ya kifaa hukaa nyuma ya sikio na kunasa sauti. Ya ndani, iliyopandikizwa chini ya ngozi, hupeleka umeme mdogo kwenye koklea na kuamsha mshipa wa fahamu wa kusikia. Yaani hakikuzi sauti tu kama vifaa vya kawaida. Kinafanya kazi ya sehemu ya sikio iliyoharibika.

Swali la kwanza ni ridhaa. Aliyezaliwa kiziwi hufaidika zaidi akiwekewa akiwa mdogo sana, wakati ubongo unajifunza lugha. Lakini mtoto wa umri huo haulizwi, mzazi humwamulia. Ndiyo maana mwaka 1991 chama cha kitaifa cha viziwi Marekani kilipinga kuwawekea watoto: uziwi si ugonjwa, viziwi ni jamii yenye lugha yake. Mwaka 2000 kililegeza msimamo.

Swali la pili ni usawa. Upasuaji ni mwanzo tu. Kifaa hurekebishwa mara kwa mara kwa kompyuta, kinataka betri na vipuri, na mtoto anahitaji miaka ya mazoezi ya kusikia na kuongea. Kutoka kwetu hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,000. Waya ukikatika, mama atauza magunia mangapi ya mpunga?

Msimamo wangu: kifaa ni kizuri, serikali isogeze huduma mikoani. Ila lugha haisubiri kifaa. Mtoto afundishwe Lugha ya Alama ya Tanzania leo. Kifaa kikija, kimkute tayari ana lugha.

Yule mtoto alikaa dawati la mbele, akinakili ubao wote kwa mwandiko mzuri bila kuelewa kitu. Umri unaofaa zaidi kwa kifaa umempita. Alichokosa darasani kwangu ni mwalimu anayejua alama, na mimi sikujua hata moja. Wenzangu, ninyi mnajua ngapi?