Somo kwa Wafanyakazi: Magazeti ya Gisenyi na Namna ya Kuyasoma



Katika mkutano mmoja wa tawi, mchumaji wa chai alituuliza: gazeti lina faida gani kwa mtu anayelipwa kwa kilo? Swali lake ni zuri. Sisi tunaoandika somo hili tuliishia shule ya msingi, na hatuwezi kumjibu kwa maneno ya wasomi. Tutamjibu kwa historia ya mji wetu, kwa sababu Gisenyi imejua faida ya gazeti na imejua pia hasara yake.

1. Magazeti yalianza wapi?

Katika Rwanda gazeti halikuanza kwa mfanyakazi. Kinyamateka, gazeti la kwanza lililodumu, lilianzishwa na Kanisa Katoliki huko Kabgayi mwaka 1933. Vitabu vingi vya kwanza vya Kinyarwanda vilitoka pia katika mitambo ya wamisionari. Serikali nayo ikapata gazeti lake, Imvaho, mwaka 1960. Kwa hiyo kwa miaka mingi waliosema kwa maandishi walikuwa wawili, Kanisa na Serikali. Sisi wengine tulikuwa wasikilizaji.

Tunasema wasikilizaji kwa makusudi. Nakala moja ilifika sokoni au kwenye duka la pombe, mmoja aliyejua kusoma akasoma kwa sauti, na kumi wakasikiliza. Mambo hayo tuyakumbuke, maana ndiyo yanayoeleza kwa nini gazeti dogo linaweza kuwa na nguvu kubwa.

Mwaka 1988 Padri André Sibomana alichukua uongozi wa Kinyamateka. Gazeti likaanza kuandika juu ya njaa vijijini na juu ya wakubwa waliokula mali ya umma. Mwaka 1990 yeye na wenzake walipelekwa mahakamani, nao wakaachiliwa. Hapo gazeti lilifanya kazi yake: liliwauliza wakubwa maswali kwa niaba ya wadogo.

2. Kanguka na Kangura

Mwishoni mwa miaka ya 1980 lilitokea gazeti jingine lisilo la Kanisa wala la Serikali. Jina lake Kanguka, maana yake "amka". Mhariri wake alikuwa Vincent Rwabukwisi, na aliyetoa fedha alikuwa Valens Kajeguhakwa, tajiri mwenye asili ya Gisenyi. Kanguka nalo liliwasema wakubwa. Hapa mjini kwetu aliyekuwa akilisambaza ni Hassan Ngeze.

Mwezi Mei 1990 Ngeze alianzisha gazeti lake mwenyewe, akaliita Kangura, yaani "amsha". Angalieni, ndugu: majina hayo mawili yanatofautiana kwa herufi moja tu. Mnunuzi aliyekuwa na haraka aliweza kudhani ni gazeti lile lile. Lakini kazi yao haikuwa moja. Kanguka liliuliza nani ameiba. Kangura lilifundisha watu kumchukia jirani kwa sababu ya kuzaliwa kwake.

Mwezi Desemba 1990, katika toleo la 6, Kangura lilichapisha zile zilizoitwa Amri Kumi za Wahutu. Zilimkataza Mhutu kuoa Mtutsi, kushirikiana naye katika biashara na hata kumhurumia. Mwezi Novemba 1991 gazeti hilo lilichora panga katika ukurasa wake wa kwanza, kando ya swali juu ya silaha ya kuwamaliza Watutsi, ambao liliwaita mende. Lilitaja watu kwa majina, na waliotajwa wakaishi kwa hofu.

Wakati huo wafanyakazi walikuwa na shida za kweli. Bei ya kahawa katika soko la dunia ilianguka mwaka 1989, fedha ya nchi ikapunguzwa thamani mwaka 1990, na vita vikaanza mwezi Oktoba mwaka huo huo. Mtu mwenye njaa alitaka kujua sababu ya njaa yake. Kangura lilimpa jina la jirani.

3. Mwisho wake

Mwezi Julai 1993 redio RTLM ilianza kutangaza, na maneno yaliyokuwa kwenye karatasi yakaingia katika kila nyumba yenye redio. Mwezi Machi 1994 Kangura na RTLM ziliendesha mashindano pamoja, na majibu ya maswali yalikuwa katika matoleo ya zamani ya gazeti. Mwezi uliofuata mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalianza. Hapa mjini watu wengi waliuawa katika makaburi yaliyoitwa Commune Rouge, na leo pana mahali pa ukumbusho. Rwabukwisi wa Kanguka naye aliuawa mwaka huo.

Mahakama ya kimataifa ya Arusha ilimhukumu Ngeze kifungo cha maisha tarehe 3 Desemba 2003. Katika rufani ya mwaka 2007 kifungo kilipunguzwa kuwa miaka 35, lakini hatia ya kuchochea mauaji ya kimbari kwa gazeti lake ilibaki. Dunia nzima ilipata somo hapo: anayeshika kalamu anaweza kuwa na hatia kama anayeshika panga.

Kalamu pia hujenga. Mwaka 1995, nchi ikiwa bado na majonzi, shirika la Bakame lilianzishwa Kigali kuchapa vitabu vya watoto kwa Kinyarwanda. Bakame ni yule sungura wa hadithi, mdogo anayewashinda wakubwa kwa akili.

4. Sisi na jambo hili

Msiseme hayo ni ya zamani. Siku hizi karatasi zinabandikwa ukutani na ujumbe unazunguka kwenye simu, tena bila jina la mwandishi. Katika kiwanda kimoja ilibandikwa karatasi iliyosema kwamba malipo yamepungua kwa sababu ya vibarua wa msimu waliotoka wilaya nyingine. Kwa siku mbili watu hawakusalimiana shambani. Tukawaomba wote, wenyeji na wageni, walete vikaratasi vyao vya mizani na vya malipo. Tukavipanga juu ya meza moja. Ikaonekana kwamba bei ya kilo imeshushwa kwa wote, siku moja, kwa kiasi kile kile. Wageni walikuwa wamekatwa kama sisi. Siku ya tatu tulikwenda ofisini pamoja kuuliza juu ya bei.

Basi jibu kwa ndugu yetu mchumaji ndilo hili: anayelipwa kwa kilo anahitaji gazeti kama anavyohitaji mizani, na vyote viwili lazima avikague mwenyewe.

Maswali ya kujadili katika tawi

1. Nani ameandika habari hii, na je, ametia jina lake?
2. Nani amelipia karatasi na uchapaji, na anapata faida gani?
3. Anayelaumiwa analaumiwa kwa tendo alilofanya, au kwa kabila, dini na mahali alikotoka?
4. Ushahidi uko wapi? Je, tunaweza kuuweka mezani kama vile vikaratasi vya mizani?
5. Baada ya kusoma, tunatakiwa kufanya nini, na kumfanyia nani?

Anayejua kusoma awasomee wenzake maswali haya kwa sauti. Na asiyejua kusoma asione haya kuuliza, maana swali halihitaji shule.

Umoja ni nguvu.