Mzee Aliyepaka Rangi Kijiji

Katika somo hili tutasoma habari za mzee mmoja wa kisiwa cha Taiwan, huko Asia ya Mashariki. Jina lake ni Huang Yung-fu. Alizaliwa China mwaka 1924, akawa askari. Mwaka 1949 upande wake ulishindwa vita. Serikali yake ikahamia Taiwan, pamoja na askari wengi na jamaa zao.

Huko askari walijengewa nyumba ndogo ndogo zilizokaribiana. Kijiji cha mzee Huang, katika mji wa Taichung, kilikuwa na nyumba 1,200. Miaka ikapita, nyumba zikachakaa. Wakubwa wakataka ardhi ile ijengwe majumba mapya. Wenyeji waliambiwa wachukue fedha au nyumba nyingine, wahame. Wengi walikubali. Nyumba zilizoachwa zikabomolewa kwa tingatinga. Mwisho zikabaki 11 tu.

(Kwetu Tanzania neno tingatinga lina maana mbili. Ni mashine ya kubomoa, na pia ni jina la Edward Saidi Tingatinga, mchoraji wa Dar es Salaam aliyefariki mwaka 1972. Mzee Huang alipambana na tingatinga la kwanza kwa kazi inayofanana na ya yule wa pili.)

Mzee Huang hakutaka kuhama. Umri wake ulikuwa zaidi ya miaka 80. Alichukua brashi na rangi. Kwanza alichora ndege mdogo ndani ya nyumba yake. Kisha akatoka nje. Alichora watu, paka, ndege na maua. Kuta zilipojaa alichora madirishani, na hata chini, mahali watu wanapopita. Rangi zake zilikuwa nyekundu, njano, kijani na buluu. Hakuiga mtu. Alichora yale yaliyokuwa kichwani mwake. Aliamka usiku wa manane na kufanya kazi kabla jua halijawa kali.

Je, picha zilizuia tingatinga? Peke yake, hapana. Tusidanganyane. Mwaka 2010 mwanafunzi wa chuo kilichokuwa jirani alimkuta mzee akichora. Akampiga picha, akawaeleza wenzake. Ndipo watu wakaanza kumwandikia meya wa mji. Barua zilifika kwa maelfu, nyingi kwa njia ya kompyuta. Watu walisema: mahali hapa pasibomolewe. Mwaka huohuo meya aliamuru nyumba zile 11 zihifadhiwe na mahali pale pawe bustani ya watu wote. Picha ziliwafanya watu watazame. Waliojua kuandika wakamaliza kazi.

Baadaye wageni zaidi ya milioni moja kwa mwaka walifika kutazama. Watu wakapaita Kijiji cha Upinde wa Mvua.

Lakini mali ya wote huleta ugomvi pia. Mwaka 2022 waliokuwa wakiendesha shughuli za mahali pale waligombana na mji kuhusu mkataba. Picha nyingi zikamwagiwa rangi zikaharibika. Mzee alikuwa bado hai. Alifariki Januari 2024.

Ndugu msomaji, hata hapa kijijini kuna kuta za wote: ukuta wa zahanati, wa ghala, wa darasa hili. Kabla ya kuchora, kubalianeni kwanza mkutanoni, na ruhusa iandikwe. Ukuta usuguliwe vumbi, upakwe chokaa, uachwe ukauke. Ukuta unaopigwa na mvua utahitaji kupakwa tena, kwa hiyo semeni mapema nani atanunua rangi.

Mazungumzo

1. Mzee Huang angehama kama wenzake, angepata nini? Angepoteza nini?

2. Ukuta gani hapa kwetu ungefaa kuchorwa? Nani atakayekataa, na kwa sababu gani?

3. Andika barua fupi kwa mwenyekiti wa kijiji ukiomba ruhusa ya kuchora ukuta huo.